Alama ya X Ndani ya Seli: Uvunjaji wa Protini na Chanzo cha Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuwapata na kuwaua wanawake nchini Tanzania. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonyesha kuwa kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 hupata ugonjwa huu nchini, na zaidi ya 6,000 hufariki kwa sababu yake. Katika uwanda wa kati, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Bahi, Kondoa na Manyoni, hali haitofautiani na kwingineko: wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, wakati ambapo upasuaji peke yake hautoshi tena.

Ugonjwa huu una fumbo ambalo kwa muda mrefu liliwashangaza wanasayansi. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni inayoitwa p53, ambayo kazi yake ni kuilinda seli isigeuke kuwa saratani, hukutwa imeharibika. Lakini katika saratani nyingi za mlango wa kizazi jeni hiyo ni nzima. Seli inaendelea kutengeneza protini ya p53 kama kawaida, ila protini yenyewe haidumu. Kila inapotengenezwa, inaondolewa. Makala haya yanaeleza ni nini kinachoiondoa, na kwa nini jibu la swali hilo linamhusu mwanamke wa Chamwino au Chemba ambaye leo hajisikii maumivu yoyote.

Jinsi seli inavyoondoa protini zake

Protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za seli: hujenga, husafirisha, hupeleka ujumbe na kutoa amri. Kila protini ina muda wake. Nyingine hudumu siku kadhaa, nyingine dakika chache tu, kisha huvunjwa. Seli isiyovunja protini zake kwa wakati ni sawa na ofisi ambayo amri za mwaka jana bado zinatekelezwa.

Mkazi wa Dodoma aliyeshuhudia barabara za jiji zikipanuliwa anaijua alama ya X nyekundu. Jengo likishapakwa alama hiyo, tingatinga litakapofika halitauliza swali, litabomoa. Ndani ya seli kuna utaratibu unaofanana na huo. Alama ya X ni protini ndogo iitwayo yubikwitini, iliyoundwa kwa asidi amino 76. Tingatinga ni mtambo uitwao proteasomu, wenye umbo la pipa lililo wazi katikati. Protini iliyobandikwa mnyororo wa yubikwitini huvutwa hadi ndani ya pipa hilo na kukatwa vipandevipande. Yubikwitini yenyewe haikatwi. Hubanduliwa na kutumika tena.

Ubandikaji wa alama hufanyika kwa hatua tatu, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Cha kwanza huiamsha yubikwitini kwa kutumia nishati ya seli. Cha pili huibeba. Cha tatu, kiitwacho ligasi, huichagua protini itakayowekewa alama. Hatua hii ya tatu ndiyo yenye uamuzi, na ndiyo maana binadamu ana aina zaidi ya 600 za ligasi, kila moja ikiwa na protini zake maalumu inazozitambua. Ligasi ndizo wasimamizi wakuu wa uvunjaji wa protini. Kwa ugunduzi wa utaratibu huu, Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Mlinzi anayeishi dakika chache

Protini ya p53 ni mfano mzuri wa utaratibu huo. Kazi yake ni kukagua hali ya DNA kabla seli haijagawanyika. Ikiona uharibifu, huisimamisha seli ili irekebishwe. Uharibifu ukizidi, huiamuru seli ijiue. Kwa kufanya hivyo huzuia makosa yasirithiwe na seli zinazozaliwa.

Hata hivyo, mlinzi mkali wa namna hii akiachwa huru muda wote, atazuia hata seli zenye afya zisigawanyike. Kwa hiyo katika seli ya kawaida p53 huvunjwa karibu mara tu inapotengenezwa. Maisha yake ni takriban dakika 20. Ligasi iitwayo MDM2 ndiyo inayoibandika alama. DNA inapoharibika, kwa mfano kutokana na mionzi, p53 hubadilishwa umbo kidogo na MDM2 hushindwa kuishika. Ndipo p53 hulimbikizana na kuanza kazi. Usalama wa seli, basi, unategemea mizani: mlinzi aondolewe wakati wa amani, lakini abaki wakati wa hatari.

Kirusi kinachotumia mtambo wa mwenyeji

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu, vijulikanavyo kama HPV. Daktari Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walivitambua HPV aina ya 16 na aina ya 18 katika uvimbe wa saratani hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008. Aina hizo mbili peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani.

HPV ni kirusi kidogo mno chenye jeni zipatazo nane tu. Hakina mtambo wa kunakili DNA yake. Kinategemea ule wa seli. Tatizo lake ni kwamba seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi zimekwisha acha kugawanyika, na mtambo wake umezimwa. Kirusi hulazimika kuuwasha, na hufanya hivyo kwa protini zake mbili, E7 na E6.

E7 hushughulikia breki ya seli, yaani protini ya Rb, ambayo kwa kawaida huzuia seli isianze kugawanyika. E7 huishika Rb na kuielekeza kwenye uvunjaji. Breki ikiondoka, seli huanza kugawanyika bila mpango. Jambo hilo lingetosha kumwamsha mlinzi p53 na kuifanya seli ijiue pamoja na kirusi kilichomo. Kwa sababu hiyo kirusi kinahitaji E6.

E6 haina uwezo wa kubandika alama, wala haina pipa la kuvunjia protini. Inachofanya ni kuishika ligasi ya seli yenyewe, iitwayo E6AP, na kuigeuza uelekeo. Katika hali ya kawaida E6AP haishughuliki na p53. Ikishikwa na E6, huielekea p53 na kuibandika yubikwitini, na proteasomu huivunja papo hapo. Ni kama mtu aliyemshika mkono mpaka alama za X na kumpeleka kwenye kituo cha polisi: rangi ni ya serikali, tingatinga ni la serikali, lakini jengo lililobomolewa ni lile lililokuwa likiulinda mtaa. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Hatua hizi zilifafanuliwa kati ya mwaka 1990 na 1993, hasa katika utafiti wa Martin Scheffner, Jon Huibregtse na Peter Howley nchini Marekani. Matokeo hayo yalilijibu fumbo la awali. Jeni ya p53 katika saratani hii haihitaji kuharibika, kwa sababu protini inayotokana nayo huondolewa kila mara. Yalieleza pia kwa nini si kila HPV ni ya hatari. Aina ya 6 na ya 11 husababisha masundosundo ya sehemu za siri, lakini E6 yake haiwezi kuifikisha p53 kwenye uvunjaji. Ndiyo maana masundosundo hayo ni kero, lakini ni nadra kugeuka saratani.

Kosa la upande wa pili: kisichobomolewa kwa wakati

Mizani ya uvunjaji wa protini inaweza kupotoka kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyoelezwa: mlinzi anayepaswa kubaki anaondolewa. Ya pili ni kinyume chake: protini inayopaswa kuondolewa inabaki. Mfano wa njia hii ya pili unatoka hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto na kukua kwa kasi kubwa. Saratani hiyo, limfoma ya Burkitt, hadi leo huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwamo ya Kanda ya Ziwa na Pwani ya Tanzania. Ndani ya seli zake, jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli ikue na kugawanyika, huwa imehamishwa mahali pake na kufanya kazi kupita kiasi. Kwa kawaida protini ya MYC huishi chini ya nusu saa kabla ya kuvunjwa. Katika uvimbe mwingi wa Burkitt, badiliko dogo katika sehemu ya 58 ya protini hiyo, au jirani yake, huifanya isitambulike vizuri na ligasi inayopaswa kuiwekea alama. Amri ya kukua hubaki muda mrefu kuliko inavyostahili, na uvimbe huongezeka kwa siku badala ya miezi.

Kwa nini miaka mingi hupita kabla ya saratani

Tukirudi kwenye mlango wa kizazi, kuondolewa kwa p53 peke yake si saratani. Wanawake wengi walioanza kujamiiana hupata HPV wakati fulani, na kwa wengi kinga ya mwili hukiondoa kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari huanza pale ambapo kirusi cha aina hatarishi hakiondoki. Seli isiyo na mlinzi hugawanyika mara nyingi, na kila mgawanyiko unaweza kuacha kosa dogo la DNA lisilorekebishwa. Mara nyingi hatua kubwa hutokea pale DNA ya kirusi inapojipachika ndani ya DNA ya seli na kupoteza sehemu inayoidhibiti E6 na E7. Tangu hapo protini hizo mbili hutengenezwa bila kiasi. Bandubandu huisha gogo: makosa hujumlishana, mabadiliko ya awali huonekana, na hatimaye seli huvuka mpaka wake na kuvamia tishu za jirani.

Kwa mwanamke mwenye kinga imara, safari hiyo huchukua takriban miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU bila tiba, inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wanawake wanaoishi na VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii kuliko wasio na VVU. VVU haviigusi p53 katika ugonjwa huu. Vinachofanya ni kudhoofisha kinga iliyopaswa kukiondoa HPV mapema.

Miaka hiyo ndiyo nafasi ya tiba. Katika muda wote huo mwanamke hana maumivu, hatoki damu, analima na kuchunga kama kawaida. Kwa hiyo kauli ya kwamba "siumwi, sina sababu ya kupima" inakwenda kinyume na tabia ya ugonjwa huu. Uchunguzi wa awali umekusudiwa mwanamke asiyeumwa.

Uchunguzi unatafuta nini hasa

Katika vituo vingi vya afya vya uwanda wa kati, uchunguzi hufanywa kwa kupaka asidi ya asetiki, ambayo ni siki iliyopimwa, kwenye mlango wa kizazi na kuutazama baada ya dakika moja. Eneo lenye seli zinazogawanyika kupita kiasi hugeuka jeupe kwa muda. Weupe huo si saratani. Ni ishara ya seli zilizopoteza breki na huenda mlinzi wake pia. Eneo dogo linaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa joto au kwa ugandishaji, bila kulazwa. Mahali penye shaka ya saratani hapatibiwi hivyo. Huchukuliwa kinyama na kupelekwa maabara, na mgonjwa hupewa rufaa.

Njia hii ina mpaka wake. Baada ya hedhi kukoma, eneo ambalo mabadiliko huanzia hurudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi na halionekani vizuri kwa macho. Kwa mwanamke wa umri huo, kipimo cha HPV kinafaa zaidi. Kipimo hicho hutafuta kirusi chenyewe, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linalowaondolea aibu wengi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU, kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Maabara ya patholojia nayo hutumia maarifa haya. E7 inapoiondoa Rb, protini nyingine iitwayo p16 hulimbikizana ndani ya seli. Kinyama kikipakwa rangi inayoifichua p16, mtaalamu anaweza kutofautisha mabadiliko ya kweli ya HPV na uvimbe wa kawaida unaotokana na maambukizi mengine.

Chanjo haina E6 wala E7

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14 na kwa dozi mbili. Aprili 2024 utaratibu ulibadilishwa: dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wazazi wengine wamekuwa na hofu kwamba chanjo hii huharibu uzazi au huleta ugonjwa wenyewe. Elimu ya uvunjaji wa protini inatoa jibu lililo wazi. Chanjo imetengenezwa kwa ganda la nje la kirusi peke yake. Ndani ya ganda hilo hamna DNA ya kirusi. Kwa hiyo hamna E6 wala E7, na hakuna kinachoweza kumwondoa mlinzi wa seli. Mwili hujifunza sura ya ganda na kuandaa kinga, ili kirusi halisi kikija kikamatwe kabla hakijaingia kwenye seli.

Hali hiyo hiyo inaeleza mpaka wa chanjo. Seli iliyokwisha kuingiwa haina tena ganda la kirusi kwa nje; inaendeshwa na E6 na E7 kutoka ndani. Ndiyo maana chanjo hutolewa mapema, kabla ya msichana kuanza kujamiiana, na haitibu maambukizi yaliyopo. Aliyechanjwa naye atahitaji uchunguzi atakapofikia umri, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya HPV.

Dawa zinazogusa mfumo huu

Ujuzi wa uvunjaji wa protini umekwisha kuzaa dawa. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha bortezomibu, dawa inayoifunga proteasomu, kwa ajili ya mayeloma, ambayo ni saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili. Seli hizo huzalisha protini nyingi kiasi kwamba zikizuiwa kuvunja taka zake hufa kwa kuzidiwa. Dawa nyingine, lenalidomaidi, hufanya kwa makusudi kile ambacho E6 hufanya kwa hila: huishika ligasi ya seli na kuielekeza kwenye protini ambazo saratani inazitegemea.

Dawa hizi si tiba ya saratani ya mlango wa kizazi. Tiba yake ni upasuaji katika hatua za mwanzo, na mionzi pamoja na tibakemia katika hatua zilizosonga. Kwa mgonjwa wa Dodoma, mionzi kwa miaka mingi imemaanisha safari ya takriban kilomita 450 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na wiki kadhaa za kuwa mbali na watoto, mifugo na shamba. Tiba ya joto ya dakika chache katika kituo cha afya, iliyofanyika miaka kumi kabla, ingeweza kuiepusha safari hiyo.

Ya kuzingatiwa

Kwa mhudumu wa afya, kila mwanamke wa umri wa uchunguzi anayefika kituoni, awe amekuja kwa uzazi wa mpango, kumleta mtoto kliniki au kuchukua dawa za VVU, aulizwe lini alipimwa mara ya mwisho. Aelezwe kuwa matokeo yenye mabadiliko ya awali si hukumu ya saratani, bali ni habari iliyopatikana kwa wakati. Huduma za mkoba vijijini zipangwe nje ya msimu wa mvua na kilimo, wanawake wanapokuwa na nafasi ya kuja. Anayepewa rufaa afuatiliwe hadi ijulikane kuwa amefika.

Kwa mwanamke, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, si "kurudi kwa ujana" wala jambo la kusubiri lipite. Vilevile uchafu wenye harufu mbaya usioisha, au maumivu ya kiuno yanayoambatana na kuvimba mguu, yanahitaji uchunguzi wa daktari wiki hiyo hiyo. Asiye na dalili yoyote, na aliyefikia umri, aende kupimwa akiwa bado mzima.

Kwa mwanamume, HPV hupita kwake pia, ingawa mara nyingi hakimwonyeshi dalili. Mke akigundulika na mabadiliko ya awali, hiyo si thibitisho la kukosa uaminifu, kwani kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana. Kinachohitajika kwake ni nauli, kumsindikiza, na kumruhusu binti achanjwe shuleni siku timu ya chanjo itakapofika.